Nilimwogesha Mama Nimefumba Macho

Mtaani kwetu wanasema nina ndagu. Kwa wasio wa Kanda ya Ziwa, ndagu ni utajiri wa mganga: unaupata kwa kumtoa mtu wako wa karibu, afe au apoteze akili, na kadiri yeye anavyoharibika ndivyo mali yako inavyonona. Wanasema mimi nilimtoa mama yangu. Wanasema akili za mama ndizo zilizojenga ukuta wangu na kuninunulia pikipiki chakavu, na kwamba siku mama akipona mimi nitafilisika. Wanaosema hivyo ni watu tunaosali nao na tunaozikana nao. Mmoja wao nilimtengenezea injini ya mtumbwi bure mwaka ule alipovunjika mguu. Nitaeleza ilivyokuwa, na sitaeleza kwa upole, maana upole wangu wote nilishaumalizia kwenye kikao chao.

Mimi ni fundi wa injini za mitumbwi. Ningekuwa na ndagu, nisingekuwa ninapiga magoti kwenye tope la ufukweni kila siku, ninanyonya petroli kwa mpira hadi chakula cha jioni kinakuwa na ladha ya petroli. Nyumba yangu iko Kirumba, hapa Mwanza, upande wa mlimani, kule ambako nyumba zimepandiana juu ya mawe na kila nyumba inaona uani kwa nyumba ya chini yake. Juu yangu anakaa mama mmoja mwenye genge la nyanya na vitunguu. Chini yangu kuna familia ambayo mimi ninaiona ikila, ikigombana na kuanika nguo za ndani, na sijawahi kumsimulia mtu. Huo ndio ustaarabu wa kukaa mlimani, unaona na unanyamaza. Mama wa genge hakufundishwa.

Mama yangu alikuwa mkulima ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema. Watu wa kijijini walinipigia simu siku alipoingia shamba la jirani akapalilia. Alipalilia vizuri sana, mistari imenyooka, ila alichong'oa ni mahindi na alichoacha ni magugu. Mwenye shamba alikuwa muungwana. Alisema tu, "Njoo umchukue mama yako kabla hajaingia kwenye shamba la mtu mwenye hasira." Nilimvusha Busisi kwa kivuko, wakati huo daraja lilikuwa bado nguzo tupu, na njia nzima aliniuliza nani amebaki na ng'ombe. Ng'ombe wale tuliwauza kabla sijaoa. Nilicheka, kwa sababu mama alikuwa mtu wa utani na nilidhani ananitania.

Nilipompeleka hospitali, daktari alikuwa kijana mtaratibu. Alimwuliza mama leo ni siku gani, akampa kalamu na karatasi achore saa. Mama hakuwahi kuchora saa maishani mwake, akachora jembe. Daktari akaniambia ni demenshia, ugonjwa wa kusahau, ubongo unachakaa pole pole na haurudi nyuma. Akasema kinachotakiwa ni uvumilivu na usalama: asipotee, asijiunguze, awe msafi. Nikarudi mtaani nikawaeleza majirani nyumba kwa nyumba, kama mtu anayegawa kadi za harusi. Wakaitikia kwa vichwa. "Ni uzee tu huo," wakasema. Baadaye, lilipozuka hili la ndagu, hakuna aliyekumbuka kwamba ni uzee tu. Walisahau wote, na hao hawana ugonjwa.

Neno la daktari nililolishika ni usalama. Mama alikuwa akitoka nyumbani bila kuaga. Kwetu mwanamke hupiga magoti anapomsalimia mtu wa heshima, na mama, kwa kuwa hakujua tena nani ni nani, aliamua kumheshimu kila mtu. Nilimkuta mara mbili amepiga magoti katikati ya lami, anawasalimia bodaboda. Mara ya pili gari la mchanga lilikuwa limesimama hatua tatu kutoka kichwani kwake. Kwa hiyo nikajenga ukuta, nikaweka geti la bati lenye kufuli. Ulinichukua karibu mwaka mzima, nilikuwa ninaongeza tofali kila nilipopata kazi ya maana. Mtaa ukaona ukuta wangu unapanda na mama yangu anashuka, wakajumlisha.

Mke wangu alifariki kabla ya haya yote, na watoto wangu wawili ni wa kiume, wako machimboni Geita. Nikatafuta msichana wa kukaa na mama. Wa kwanza alikaa miezi miwili. Wa pili wiki tatu. Wa tatu aliondoka siku ya nne, na huyo angalau alikuwa na adabu ya kunieleza. Alisimama mlangoni na mfuko wake, akaangalia chini.

"Baba, samahani. Wameniambia pale gengeni kwamba ukishammaliza bibi, ninayefuata ni mimi."

Nikampa nauli yake.

Sasa nifike kwenye kuoga, maana ndiko mambo yalikoharibika. Kwetu mtoto wa kiume haoni uchi wa mama yake. Ukiwa mdogo unaambiwa utapofuka. Ukikua unaambiwa ni laana, na unaelewa mwenyewe bila kuuliza ya aina gani. Kumwogesha mama mzee ni kazi ya binti au ya mkwe, na kama hawapo ni ya wanawake wa jirani. Ndivyo nilivyokuta dunia, na sikuwa na nia ya kuibadilisha. Msichana wa tatu alipoondoka siku ya Jumatano, nikawafuata akina mama wa jumuiya yetu, tunaosali nao nyumba kwa nyumba kila Jumamosi. Nikawaomba waje wamwogeshe mama. Wakasema watakuja. Ijumaa nikawafuata tena. Wakasema wanaliombea.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa kwenye uchafu wake tangu jana yake. Ngozi ya mapajani ilikuwa imeanza kuchubuka, nilijua kwa namna alivyokuwa anatembea, miguu ameitenganisha kama mtoto anayejifunza. Inzi walikuwa wanamfuata. Nikachemsha maji.

Nilimkalisha kwenye kigoda uani. Nikatundika khanga mbili kwenye kamba ili zimkinge na barabara. Nikamvua nguo, nikafumba macho.

Ndiyo, nilifumba. Mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, mgane, fundi ninayeaminika kushika vitu vidogo kuliko punje ya mtama, nilimwogesha mama yangu kwa kupapasa. Kopo mkono huu, sabuni mkono ule, na kwa kuwa sikujua la kusema nilisema, "Samahani mama, samahani mama, samahani mama," bila kupumzika. Nilidhani ninamheshimu. Na kwa kuwa sikuwa ninaona, sabuni yote ikaingia machoni mwake. Akapiga yowe. "Ananiua! Njooni jamani, ananiua!" Nikaongeza maji ili nimsuuze, nikammwagia puani, akazidi kulia.

Khanga zilikinga barabara. Hazikukinga mlima. Mama wa genge alikuwa amesimama kwenye jiwe lake huko juu, na aliona alichokiona: mwanaume amefumba macho, midomo inacheza, anampaka mama yake aliye uchi kitu chenye povu, na mama anapiga kelele kwamba anauawa. Hata mimi ningeona vile ningeshtuka. Lakini mimi ningeshuka. Ningeshuka yale mawe nikagonga geti nikasema, jirani, kuna nini, lete hilo kopo. Yeye hakushuka. Alikwenda kufungua genge.

Kufika saa sita mchana masharti ya mganga wangu yalikuwa yanajulikana Kirumba nzima. Kila Jumamosi nimwogeshe mama dawa, nimefumba macho, huku ninataja mali ninazozitaka moja baada ya moja. Wiki hiyo hiyo wateja walianza kupungua. Mvuvi mmoja ambaye injini yake nilikuwa nimeifungua nusu alikuja na gunia, akaokota vipande vyote, hadi nati za mwisho. "Acha tu fundi," akasema. "Nitamalizia mwenyewe." Hajui hata plagi inakaa upande gani.

Mtu fulani akampigia simu dada yangu aliyeolewa Shinyanga. Ni mdogo wangu, tumefuatana. Akaja, nikaenda kumpokea stendi ya Nyegezi, na moyoni nilikuwa ninashukuru, maana mwanamke alikuwa anaingia nyumbani na mama ataoga. Alishuka kwenye basi akaniamkia kwa mbali. Hakunipa mkono. Tulipofika nyumbani alijaribu kumvua mama nguo, mama akamzaba kofi. Alimwona mgeni anayemvua nguo, angefanya nini? Dada akalia. Alilia vizuri sana, kwa sauti ya kusikika hadi gengeni, na hakujaribu tena. Mimi niliendelea kuchemsha maji, na yeye aliendelea kukaa chumbani nikiwa ninamwaga maji hayo nimefumba macho.

Jioni ya siku aliyofika aliniuliza, "Kaka, niambie ukweli. Ulikwenda kwa nani?"

"Nilikwenda kwa daktari."

"Sisemi huyo."

Nilitoka nje, kwa sababu ningebaki ningesema neno lisilorudi. Si mtu mbaya dada yangu. Aliogopa. Lakini nimechoka kuwahurumia watu wanaoogopa, wakati mwenye haki ya kuogopa ni mmoja tu na alikuwa amekaa jikoni anazungumza na sufuria.

Jumapili baada ya misa, balozi wa nyumba kumi akaitisha kikao kwake. Viti vya plastiki, akina mama upande mmoja, wanaume upande mwingine, mimi na mama na dada katikati. Balozi ni mzee aliyestaafu reli, mtu mstaarabu, nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu ambaye angependa kuwa kwingine. Mama alipewa soda, akafurahi. Alikuwa anatabasamu kwa kila mtu kama bibi harusi.

Balozi akasema mtaa una wasiwasi. Akasema hakuna anayemtuhumu mtu, ila maneno yamekuwa mengi, na penye wengi pana mengi. Mama wa genge akasimama akaeleza alichokiona, na sitakataa, alieleza kweli tupu, hakuongeza hata kijiko. Ukweli wake ndio ulionikera zaidi. Nikasimama nikaeleza habari za daktari, na saa na jembe, na mapaja yaliyochubuka. Nikaeleza kwa nini nilifumba macho. Wanaume wakatazama chini. Mzee mmoja akasema, "Lakini mwanangu, kama nia yako ilikuwa njema, kwa nini ulifumba?" Nikamwuliza, kama ningefumbua, leo mngekuwa mnaniuliza nini? Akakaa.

Ndipo balozi akafanya jambo ambalo bila shaka alidhani ni la busara. Akamgeukia mama, akainama kwa heshima, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, samahani. Huyu hapa ni nani wako?"

Mama akanitazama. Uso wake wote ukang'aa, miaka mingi sikuwa nimeuona uking'aa hivyo.

"Huyu?" akasema. "Huyu ni mume wangu."

Hakuna aliyecheka. Nina sura ya baba. Nina masikio yake na hata namna yake ya kusimama, kila mtu wa kwetu anasema hivyo, na baba alifariki akiwa na umri nilio nao sasa. Niliwaeleza. Nilieleza mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya juu, na nilipomtazama dada yangu anisaidie, yeye anayemjua baba, alikuwa amefunika uso kwa mtandio. Sharti moja la ndagu ambalo kila mtu mwambao wa ziwa analijua, na hakuna anayelitaja mbele ya wazazi, ni kulala na mama yako. Hawakulitaja. Walinitazama tu mikono.

Balozi akafungua daftari akaandika. Mtu hafungiwi kama ng'ombe, geti liachwe wazi mchana. Na mimi nisimwogeshe mama tena, akina mama wa jumuiya watapangana zamu.

"Nani ataanza?" nikauliza.

"Watapangana."

"Sawa, mzee. Nani ataanza? Andika jina moja."

Kalamu ilikaa juu ya daftari. Akina mama wakatazamana. Mmoja akasema ana mtoto mchanga. Mwingine akasema mgongo. Mama wa genge akasema yeye anaamkia sokoni kufuata nyanya. Balozi akaandika "watapangana," akafunga daftari, akaomba mmoja wetu atuongoze kwa sala. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti yenyewe ilikuwa inamalizia soda.

Dada aliondoka Jumatatu asubuhi. Alisema mkwewe yuko karibu kujifungua. Inawezekana ni kweli.

Yaliyofuata ni yangu, na hapa hasira yangu inakosa pa kwenda. Nilisema moyoni, nitawaonyesha. Wamesema geti liwe wazi, litakuwa wazi. Wamesema nisimguse, sitamgusa. Nilifungua kufuli nikaitupa chini ya benchi la kazi. Jumatatu nzima nilikaa barazani nikasubiri zamu. Hakuja mtu. Jumanne hakuja mtu. Mama alilowa, akakaukia, akalowa tena, na mimi nilimpa uji, nikampa maji ya kunywa, na sikuchemsha maji ya kuoga. Nilitaka inuke. Nilitaka harufu ipande ule mlima iingie madirishani mwao wakiwa wanakula. Mama yangu nilimfanya fimbo ya kuwachapia majirani, na fimbo haiulizwi kama inaumia.

Jumatano asubuhi nilikuwa nimekaa barazani, nimegeuzia geti mgongo, ninasugua kabureta ya zamani isiyo na mwenyewe. Nikasikia geti linalia. Nikajua wamekuja. Hatimaye, nikasema, aibu imewashinda. Sikugeuka. Nilitaka waingie wenyewe, wapite hadi ndani, wamkute alivyo, washike pua zao, ndipo wanitafute. Nikaendelea kusugua. Nilikuwa ninapanga maneno nitakayowaambia, na yalikuwa maneno mazuri. Nilipomaliza kuyapanga nikainuka nikaenda ndani. Kiti cha mama kilikuwa kitupu na kimelowa. Aliyelifungua geti lile alikuwa anatoka, si anaingia.

Nilikimbia. Gengeni nilisimama nikamwuliza mwenye genge kama amemwona mama.

"Nimemwona akishuka," akasema, huku anapanga nyanya mafungu. "Nikajua umemruhusu. Si ndivyo tulivyokubaliana?"

Mpaka leo sijui kwa nini sikuipindua ile meza. Nadhani ni kwa sababu hakuwa anasema uongo. Nikateremka hadi lami, nikauliza bodaboda, mmoja akanionyesha kwa kidevu upande wa ziwa. Nilipita uwanja wa mpira, nikapita maghala, nikiangalia chini ya kila gari. Nikaangalia majini kwanza. Sitasema nilichokuwa ninakitegemea kuona huko.

Nilimkuta Mwaloni, kwenye soko la samaki, upande wa wanawake wa dagaa. Alikuwa amekaa juu ya gunia, ameoga. Nywele zilikuwa zinadondosha maji. Amevikwa kitenge kisicho chake, cha kijani, na nguo zake zilikuwa zimefuliwa zimetandazwa juu ya jiwe. Alikuwa ameshika bakuli la uji kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja mnene, mikono yake imejaa magamba, alikuwa amechuchumaa anampaka mafuta ya mgando miguuni. Baadaye nilisimuliwa kwamba alifika pale ananuka na analia, na wanawake wanne wakazungusha vitenge vyao wakawa ukuta, wa tano akamwogesha, kisha wakarudi kwenye dagaa zao. Hawakuitisha kikao.

Yule mwanamke akaniona nimesimama.

"Baba, unamtafuta huyu bibi?" Alikuwa anaongea kama watu wa visiwani.

"Ndiyo."

"Wewe ni nani wake?"

Pale Mwaloni ndipo ninapopatia kazi. Nyuma ya yule mwanamke walikuwa wamesimama wapakizi, na wavuvi wawili ambao injini zao nazijua kuliko wanavyozijua wao. Mmoja ni yule wa gunia. Wote wawili walikuwa wananitazama, wanasubiri nijibu. Mtoto wake. Ni maneno mawili tu, na nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilimwona mama na mapaja yale, nikamwona huyu mwanamke aliyeyaona mapaja yale, nikakumbuka Jumapili na mikono yangu ilivyotazamwa.

"Ni jirani," nikasema. "Tunakaa naye mtaa mmoja."

"Ana watoto?"

"Anao."

"Mtu mwenye watoto anafikia hari hii?" Akainuka, akajifuta mikono kwenye kitenge. Hakuwa na hasira kama zangu, zake zilikuwa zimetulia. "Bibi amechubuka. Hajaogeshwa siku tatu huyu, au zaidi. Wewe umefanya vizuri kumtafuta, Mungu akulipe. Lakini ukimwona huyo mtoto wake, mwambie. Mwambie mwanamke wa dagaa amesema, hata ng'ombe anasafishwa."

"Nitamwambia," nikasema.

Mvuvi wa gunia alitazama pembeni. Alijua. Alikuwa ananijua mimi na alikuwa anamjua mama yangu, na hakusema neno. Huyo ndiye mtu pekee katika habari hii aliyenifichia aibu, na mpaka leo nikikutana naye ninapita upande mwingine.

Mama alikuwa anasikiliza. Alimaliza uji, akampa yule mwanamke bakuli, akapiga magoti kumshukuru, mwanamke naye akapiga magoti. Kisha akanipa mkono wake, mkono mkavu, safi, unaonukia mafuta. "Twende, jirani," akasema.

Tulipanda mlima taratibu. Nilikuwa nimetaka kurudisha kitenge kabla hatujaondoka, mwanamke akakataa, akasema akae nacho. Nilipofika nyumbani nikaitafuta kufuli chini ya benchi, nikafunga geti. Kesho yake asubuhi nikachemsha maji, nikamkalisha mama kwenye kigoda, na sikufumba macho. Ni mwili wa mtu aliyezaa na kulima. Sijapofuka. Sabuni haiingii tena machoni mwake, kwa hiyo hapigi yowe, na kidonda cha mapajani kilipona ndani ya wiki mbili. Mama wa genge bado anatazama kutoka kwenye jiwe lake. Ninamwamkia, sabuni ikiwa mkononi, na yeye anaitikia. Balozi hajauliza zamu zilikwendaje. Wateja wachache wamerudi, maana mtumbwi hauendi kwa maneno, lakini ninajua wanachosema wakishaupita ukuta, na sitawasamehe, na sina hakika kama nina haki ya kutowasamehe.

Mama ameshasahau Mwaloni. Amemsahau hata baba, maana haniiti tena mume wake. Vyote ninavyomwambia vinapita, jina langu, jina lake, jina la kijiji. Nimemwambia asubuhi nyingi kwamba mimi ni mwanao, ninamwambia polepole huku ninamtazama usoni, na ananiitikia kwa adabu, kisha linapita. Lakini lile neno nililolisema mbele ya wavuvi lilikaa. Sijui kwa nini hilo. Daktari naye alisema hajui.

"Asante, jirani," ananiambia kila ninapomsuuza mgongo. "Mungu akubariki. Mimi nina mtoto wa kiume hapa hapa Mwanza, ni fundi. Hajawahi kuja kuniona."

"Nikimwona nitamwambia," ninasema, ninachota maji mengine.